Ukungu wa Baada ya Kompyuta: Hesabu Sekunde Kabla ya Kubadilisha Miwani

Mabibi na mabwana, vijana kwa wazee mnaovaa miwani ya kuonea mbali na kushinda mbele ya kompyuta, naanza na swali. Unapoinua macho kutoka kwenye skrini ukatazama saa ya ukutani, na tarakimu zake zikaonekana kama zimepuliziwa mvuke, ukungu huo hudumu sekunde ngapi? Na ni nini kinachouondoa?

Wengi hawajawahi kuhesabu. Wanachojua ni kwamba jioni hawaoni kama asubuhi, na linawajia wazo moja tu: namba imepanda. Basi wanapitia kwa mpimaji macho wakitokea kazini moja kwa moja, wanapewa lenzi kali zaidi, wanafurahi kwa siku chache, kisha ukungu unarudi, mara hii na maumivu ya kichwa juu yake. Nimesimama hapa kuwaomba msiifuate njia hiyo kabla ya kufanya kazi ndogo ya saa na kalamu. Ukungu unaokuja na kuondoka una vyanzo kadhaa, na muda unaodumu ni dalili nzuri ya kukuonyesha chanzo chako.

Tuanze na jicho lenyewe. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. La mwenye miopia, yaani anayeona karibu lakini mbali haoni vizuri, kwa kawaida ni refu zaidi, hivyo mwanga wa kutoka mbali hukutana kabla ya kuifikia retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na picha inayofika pale imekwisha kutawanyika. Milimita moja tu ya ziada ni sawa na dayopta 2.5 hadi 3 hivi. Kipimo hicho cha dayopta, yaani cha nguvu ya lenzi, kilichopendekezwa na daktari Mfaransa Ferdinand Monoyer mwaka 1872, kina uzuri wake: hesabu zake hufanyika kichwani. Gawa 1 kwa umbali wa mita. Mwenye miwani ya namba hasi 1.00, akiivua, huona vizuri hadi mita 1. Mwenye hasi 2.00 huona hadi sentimita 50. Mwenye hasi 4.00 huishia sentimita 25. Ishikeni hesabu hii, tutairudia.

Sasa vaa miwani yako kamili. Umelifanya jicho lako liwe kama la mtu anayeona mbali bila taabu. Skrini ikiwa umbali wa sentimita 60, jicho halina budi kujiongezea nguvu ya dayopta 1.67 hivi ili herufi zikae sawasawa. Nguvu hiyo inatoka ndani. Kuna msuli mdogo wa mviringo, msuli wa siliari, unaoizunguka lenzi ya jicho na kuishikilia kwa nyuzi nyembamba. Msuli ukikaza, nyuzi zinalegea, nayo lenzi inatuna. Msuli ukilegea, nyuzi zinavutika na lenzi inakuwa bapa tena. Hermann von Helmholtz wa Ujerumani aliyaeleza haya katikati ya miaka ya 1850, na kiini cha maelezo yake kingali kinafundishwa.

Angalieni jambo moja hapo ambalo watu huligeuza: kutazama karibu ndiko kunakokaza msuli, kutazama mbali ni kuuachia. Kwa hiyo unapoinua macho kutazama mbali baada ya saa tatu za kazi, hulipi jicho kazi mpya. Unaliomba liachie mzigo. Na msuli uliokaza kwa saa tatu hauachii papo hapo. Unabaki umekaza kidogo, kwa kawaida chini ya nusu dayopta, na nusu dayopta inatosha kabisa kuyafuta maandishi ya bango la mbali. Huo ndio ukungu wa sekunde: miopia ya muda inayoletwa na kazi ya karibu. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa hutokea zaidi kwa wenye miopia kuliko kwa wasio nayo, na kwao huchelewa kuisha. Kazi ikirefuka, nao hurefuka. Kwa mmoja utakuwa sekunde 10, kwa mwingine dakika moja au mbili.

Ukungu wa namna hii una alama zake. Huwa katika macho yote mawili. Karibu huoni tatizo, mbali ndiko kunakosumbua. Kupepesa hakuuondoi. Unafifia polepole wenyewe ukiendelea kutazama mbali. Ukiziona alama hizo zote, na ukungu ukaisha ndani ya dakika chache, jicho lako halijaharibika na miwani yako huenda iko sawa kabisa. Linalotakiwa ni kubadili namna ya kufanya kazi.

Upo ukungu wa pili, ambao kwa maoni yangu hupuuzwa kuliko wote kwa kuwa unaonekana mdogo. Huu unakuja hata ukiwa bado unatazama skrini. Herufi zinasambaa, unapepesa, zinakaa sawa, kisha baada ya sekunde tano au nane zinasambaa tena. Hapa msuli hauna kosa, kosa liko kwenye machozi. Uso wa konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, umefunikwa na utando mwembamba wa machozi, na utando huo ndio kioo cha kwanza ambacho mwanga hupitia. Ukiwa mzima hudumu zaidi ya sekunde 10 kabla ya kuanza kupasuka. Mtu akiwa anazungumza hupepesa mara 15 hadi 20 kwa dakika. Akizama kwenye skrini anaweza kushuka hadi mara 5 au 7. Piga hesabu: mara 6 kwa dakika ni kupepesa kila baada ya sekunde 10, yaani utando unafika ukingoni mwa kupasuka jicho likiwa bado wazi. Tena nyingi kati ya hizo ni nusu kupepesa, kope ya juu haifiki chini, na sehemu ya chini ya konea inakauka mchana kutwa.

Dawa yake inaanza na zoezi lisilohitaji kitu. Fumba macho taratibu hadi kope zikutane, bana kidogo kwa sekunde mbili, fumbua. Rudia mara kumi, kila unapomaliza ukurasa au barua. Kuna tezi ndogo kwenye kingo za kope zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke, na kupepesa kikamilifu ndiko kunakoyakamua. Mafuta hayo yakiwa yameganda, kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 hivi, kikikandamizwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, huyayeyusha. Kitambaa hupoa haraka, kwa hiyo kilowekeshe tena kila dakika mbili, la sivyo unajikanda kwa maji baridi. Matone ya machozi ya bandia yanasaidia pia, lakini ukiyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku chagua yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu, kwa sababu kihifadhi kinachotumika sana, benzalkoniamu kloridi, chenyewe hukera konea kikizidi. Na tafadhali msitumie kila siku matone ya kuondoa wekundu. Hayo hubana mishipa ya damu tu. Ukiyaacha, wekundu hurudi mkali zaidi, na ukavu uko palepale.

Ukungu wa tatu ndio unaonitia wasiwasi. Huu haudumu sekunde wala dakika; unadumu saa nzima, jioni yote, pengine hadi kesho yake. Msuli wa siliari umegoma kuachia. Mtu mwenye hasi 2.00 ya kweli anapimwa anaonekana hasi 3.00. Kuna maumivu juu ya nyusi, mara nyingine maandishi yanaonekana mawili mawili, na uwezo wa kuona unapanda na kushuka siku hiyo hiyo. Sasa fikirieni mtu huyu ameketi mbele ya mashine ya kupimia, msuli ukiwa bado umekaza. Mashine inasoma kile inachokikuta. Anaandikiwa hasi 3.00. Akirudi kazini na miwani hiyo, kwa skrini ile ile ya sentimita 60 hahitaji tena dayopta 1.67, anahitaji 2.67, kwa sababu lenzi imempeleka mbali kupita kiasi na msuli wake ndio unaolipa tofauti. Msuli unakaza zaidi. Baada ya miezi anarudi, anapimwa, namba imepanda tena. Ni kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Njia ya kuukata mnyororo huo inajulikana. Mpimaji akishuku, hutumia matone ya kulegeza msuli, mara nyingi siklopentoleti, na kupima tena baada ya dakika 30 hadi 45. Msuli ukiwa umelala, namba ya kweli inajitokeza. Kwa saa kadhaa, hadi siku nzima kwa baadhi ya watu, mboni hubaki pana, mwanga unaumiza na maandishi ya karibu hayasomeki, kwa hiyo usiendeshe gari siku hiyo wala usipange kazi ya kompyuta. Vijana na watoto ndio wanaohitaji kipimo hiki zaidi, maana msuli wao una nguvu nyingi za kudanganya. Kuna pia kipimo chepesi cha herufi nyeusi juu ya rangi nyekundu na kijani. Ukiwa na lenzi ya majaribio, herufi za upande wa kijani zikawa kali kuliko za upande mwekundu, huenda umepewa hasi iliyozidi. Semeni mnachokiona kweli. Wengi hujibu wakidhani kuna jibu sahihi la kufaulu mtihani.

Kanuni ya kumwambia mpimaji ni rahisi: nataka hasi ndogo kabisa inayonipa uoni kamili. Lenzi inayozifanya herufi kuwa ndogo na nyeusi zaidi, bila kukuwezesha kusoma mstari mwingine wa chini, imezidi. Lakini nisieleweke vibaya upande wa watoto. Kuna wazazi wanaodhani kumpa mtoto lenzi pungufu kutazuia namba kupanda. Utafiti wa miaka miwili uliofanyika Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kinyume: watoto waliopewa lenzi pungufu kwa dayopta 0.75 hivi ndio waliozidi kwa kasi. Kwa mtoto, namba ya kweli, si zaidi, si pungufu.

Kwa watu wazima lipo jambo la faida ambalo wengi wamelikalia bila kulijua. Mwenye miopia ana miwani ya kusomea aliyozaliwa nayo. Wewe mwenye hasi 1.50 au 2.00, jaribu kuvua miwani ukiwa mbele ya skrini iliyo sentimita 50 hadi 60. Huenda ukaona vizuri bila msuli kufanya kazi kubwa, na jioni ukungu usije. Mwenye hasi 5.00 hawezi, angelazimika kuweka pua kwenye skrini. Lakini kama anayo miwani ya zamani ya hasi 4.00, hiyo inampa umbali wa mwisho wa mita 1, na kwa skrini ya sentimita 60 msuli unabaki na kazi ya dayopta 0.67 badala ya 1.67. Ni zaidi ya nusu ya mzigo umeondoka, kwa miwani iliyokuwa imelala kabatini. Masharti ni mawili. Mosi, macho yako yasiwe yanatofautiana sana namba wala yasiwe na astigimatizimu kubwa, yaani jicho lisilopinda sawasawa pande zote, ambayo miwani ya zamani hairekebishi. Pili, miwani hiyo ni ya mezani tu; usitoke nayo barabarani.

Wale mliohama kutoka kwenye miwani kwenda kwenye lenzi za kuvaliwa juu ya jicho mna maelezo yenu. Lenzi ya hasi inapokaa mbele ya jicho, kwenye fremu, hulipunguzia jicho kazi ya karibu kidogo. Mwenye hasi 6.00 akisoma kwa sentimita 40 hutumia dayopta 2.1 hivi akiwa na miwani, na 2.4 akiwa na lenzi za juu ya jicho. Vivyo hivyo macho hulazimika kukutana kwa ndani zaidi. Ongeza na ukavu unaoletwa na lenzi yenyewe. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba lenzi mpya zinamchosha ilhali namba ni sahihi. Siku ya kazi ndefu ya kompyuta, miwani ni chaguo bora.

Na waliopita miaka 40, nguvu ya lenzi ya jicho kutuna inapungua kila mwaka. Kwa kanuni ya kawaida, kiwango cha chini cha nguvu hiyo ni 15 ukitoa robo ya umri: miaka 20 ni dayopta 10, miaka 44 ni dayopta 4. Jicho hustarehe likitumia nusu tu ya uwezo wake. Mtu wa miaka 44 anayetazama simu kwa sentimita 33 anahitaji 3, amekwisha kuvuka nusu. Kwa huyo, miwani maalumu ya umbali wa kompyuta ni haki yake, si anasa.

Tuje kwenye meza. Skrini iwe sentimita 50 hadi 70 kutoka machoni. Chukua futi ya kupimia, usikadirie. Ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo, ili utazame kwa kuinamisha macho. Skrini ikiwa juu, kope zinalazimika kufunguka wazi na machozi yanakauka upesi. Kompyuta ya mapajani inavunja kanuni zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo inyanyue juu ya vitabu na utumie kibodi ya pembeni. Feni au kiyoyozi kisipulize usoni. Ukubwa wa herufi una kipimo chake: kama unakaa sentimita 60, simama ukarudi nyuma hadi mita 1.8, mara tatu ya umbali wako. Ukiweza bado kuyasoma maandishi, herufi zinatosha. Ukishindwa, zikuze, kwa sababu herufi ndogo hukuvuta kichwa mbele bila wewe kujua, na sentimita 60 zinakuwa 40 kabla ya adhuhuri.

Mmesikia kanuni ya dakika 20: kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Umbali wa mita 6 umechaguliwa vizuri, kwa maana pale jicho linadaiwa dayopta 0.17 tu, sawa na kupumzika. Ila sekunde 20 ni za mtu wa kawaida. Kama umehesabu ukungu wako ukakuta unadumu sekunde 70, basi sekunde 20 zinakatisha pumziko njiani na unarudi kazini msuli ukiwa nusu umekaza. Chagua maandishi fulani ya mbali, dirishani au mwisho wa ukumbi, na uyatazame mpaka yawe makali. Huo ndio urefu wa pumziko lako. Na jamani, kushika simu si kupumzika. Simu hushikwa sentimita 25 hadi 30, yaani dayopta 3.3 hadi 4, mara mbili ya mzigo wa kompyuta uliyoiacha. Nalisisitiza hili kuliko yote ya mezani, kwa kuwa ndilo linalobatilisha mengine yote. Miwani ya kuchuja mwanga wa buluu nisingewashauri mtumie pesa zenu huko: mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kwamba kwa uchovu wa macho wa muda mfupi huenda haileti tofauti na lenzi za kawaida.

Yapo mambo ambayo si ya kuhesabu sekunde wala kusubiri. Jicho refu lina retina iliyovutika, na wenye miopia, hasa ya juu, wako katika hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka. Ukiona mimweko ya mwanga, mvua ya vidoa vyeusi vipya, au pazia linaloshuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kadhalika uoni ukipotea ghafla katika jicho moja, au ukungu ukija na maumivu makali na wekundu, au na mkono kufa ganzi na ulimi kuwa mzito. Mvaaji wa lenzi za juu ya jicho akipata maumivu na wekundu azitoe mara moja. Ukungu unaobadilika kwa majuma, pamoja na kiu na kukojoa sana, pimeni sukari. Sukari ikipanda lenzi ya jicho huvimba na namba huyumba, na miwani iliyopimwa wakati huo haitafaa sukari ikitulia. Topirameti, dawa ya kifafa na kipandauso, inaweza kuleta miopia ya ghafla. Asiyeona mbali ghafla baada ya kuianza amwone daktari haraka. Kwa upande wa pili kuna hofu isiyo na sababu: anayetazama simu gizani akiwa amelala ubavu, jicho moja likiwa limezibwa na mto, akizima simu anaweza kudhani jicho lililokuwa likitazama limepofuka kwa dakika kadhaa. Madaktari wa Uingereza walilieleza hilo mwaka 2016. Jicho moja lilizoea mwanga, jingine giza, basi.

Kabla ya kwenda kupimwa, andika kwa siku saba: saa ulipoona ukungu, umekaa kwenye skrini muda gani, sekunde ngapi hadi kuisha, kupepesa kumesaidia au la. Ziba jicho moja kisha jingine, uandike kama ni yote mawili. Toboa tundu la milimita 1 kwenye kadi, tazama kupitia hapo; herufi zikikaa sawa, tatizo liko kwenye mkusanyiko wa mwanga, na zisipokaa sawa mweleze mpimaji hivyo hivyo. Nenda asubuhi, kabla ya kugusa kompyuta. Beba miwani yote, mpya na ya zamani, na umbali wa skrini yako kwa sentimita ukiwa umeandikwa kwenye karatasi.

Na sasa, kabla ya maswali, wekeni chini simu mlizokuwa mkiandikia. Tazameni maandishi yaliyo juu ya mlango wa nyuma ya ukumbi, na muanze kuhesabu.